Sandali za kizibo na klogi kwenye baridi yetu: namna ya kuchagua, kuvaa na kutunza bila kuzichoma jikoni

Kila ifikapo Juni, kibanda changu cha ushonaji viatu hapa Uyole, Mbeya, hupokea mgonjwa wa aina moja. Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, kikapu mkononi, akatoa sandali za mikanda miwili. Ngozi bado nzima, bizimu zinang'aa, lakini ubavu wa soli umepasuka kama andazi lililozidiwa na moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hizi, zimeniumbua."

"Ulizikaushia wapi?"

Akacheka kwanza. "Zililowa umande shambani. Nikaziegemeza kwenye jiko, usiku mmoja tu."

Usiku mmoja unatosha. Tangu nianze ushonaji sijaletewa sandali ya aina hii iliyouawa na kutembea. Zinaloweshwa na maji, kisha jiko linazimalizia. Na sisi wa huku juu, kuanzia Tunduma hadi Iringa, tuna vyote viwili kwa wingi: mvua ya Novemba hadi Aprili, Tukuyu hata Mei yote, halafu baridi inayomfanya mtu avute jiko la mkaa hadi chumbani. (Hilo la kulala na jiko la mkaa mlango umefungwa liache kabisa. Hewa yake inaua watu, achilia mbali viatu.)

Basi nimeona niandike yote mahali pamoja, kuanzia kununua hadi kuziba ufa, maana maswali ni yaleyale kila siku.

Kwanza tuelewane ni viatu gani

Sandali ya kizibo ni ile sendozi yenye soli nene ya rangi ya kahawia yenye punjepunje, unyayo wake umechongwa mabonde na vilima kufuata mguu. Zile punje ni gome la mti, kitu kilekile cha vizibo vya chupa za mvinyo. Mti wenyewe ni mwaloni wa kizibo, unaota sana Ureno na Hispania. Haukatwi. Unabanduliwa gome mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, kisha unaachwa uote jingine, na baada ya miaka 9 hivi unabanduliwa tena. Gome linasagwa, linachanganywa na utomvu wa mpira, linakandamizwa kwenye kalibu. Juu yake hubandikwa ngozi ya swedi, ile yenye vinyweleo, na chini soli nyepesi ya povu gumu. Shika hilo la utomvu wa mpira kichwani, tutalirudia tukifika kwenye jiko.

Jina kubwa la viatu hivi ni Birkenstock, Wajerumani. Ukoo wao wa mafundi viatu umo kwenye kumbukumbu za kanisa tangu mwaka 1774, lakini sandali yenyewe waliitoa mwaka 1963. Siku hizi umbo lile linaigwa na kila kiwanda, na kuiga si dhambi ikiwa kizibo ni kizibo kweli.

Klogi ni kiatu cha kutumbukiza mguu: mbele kimefunika vidole, nyuma kisigino kiko wazi. Wengi sokoni huziita viatu vya manesi. Ziko za soli ya mti, ziko za kizibo, ziko zile nzito za ngozi za watu wanaosimama kutwa, na ziko za povu tupu kama Crocs, Wamarekani walioanza mwaka 2002. Nikisikia watu wanasema kiatu cha mti ni mambo ya Wazungu nacheka, maana watu wa pwani wamevaa mitalawanda zamani sana, mguu unashika msuruaki, kile kijiti cha mbele, kwa vidole viwili na safari inaendelea.

Pima mguu jioni, si asubuhi

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa mtu anayesimama. Kiatu ulichokipima saa mbili asubuhi kitakubana saa kumi jioni. Kwa hiyo jioni, vua soksi, simama kwenye kipande cha boksi, uzito wote juu ya mguu huo, mtu mwingine achore kuzunguka na kalamu iliyosimama wima. Fanya miguu yote miwili. Kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na unanunua kwa kufuata ule mkubwa.

Kata boksi kwa kufuata mstari, andika jina, tembea nalo. Hii ndiyo mbinu yangu kuu kwa anayemnunulia mtu asiyekuwepo. Kijana anakuja kutoka Rungwe kumtafutia mama yake sandali kwenye soko la SIDO au Mwanjelwa, anasema "mama anavaa 38". Ya kiwanda kipi? Boksi linamaliza ubishi: linalazwa ndani ya sandali, na lazima libakize nafasi mbele, upana wa kidole kidogo hivi, na nafasi ndogo nyuma. Boksi likipanda ukingoni, rudisha.

Kama huna boksi, pima urefu wa unyayo kwa sentimita, ongeza 1, zidisha mara 1.5. Mguu wa sentimita 24 unakupa 37.5, yaani anza kujaribu 38. Hiyo ni ya kukusogeza karibu tu.

Kusoma maandishi ya chini ya kisigino

Birkenstock za mtumba zina maandishi yanayowachanganya watu, na kuna wauzaji wanaofaidika na mchanganyiko huo. Penye 38 utakuta pia 245, penye 41 utakuta 265: huo ni urefu kwa milimita. Halafu kuna L na M zikifuatwa na namba. L hapo haimaanishi kubwa wala M haimaanishi ya kati. L ni namba ya wanawake na M ni ya wanaume kwa vipimo vya Marekani, kiatu ni kilekile.

Tafuta pia mchoro mdogo wa unyayo. Ukiwa ni mstari tu, ndani mtupu, kiatu ni cha upana wa kawaida. Ukiwa umejazwa rangi, ni chembamba. Miguu ya watu waliokua wakilima pekupeku imetanuka mbele, na huo si ugonjwa. Wewe tafuta mchoro mtupu. Chembamba kitakukata kwenye ukingo na utalaumu kizibo bure.

Ukaguzi kwenye belo

Hapa ndipo pesa inapookolewa, kwa hiyo usione aibu kuinama na kukagua hata muuzaji akikuambia "boss, hiyo kali, beba tu".

Anza na ubavu. Bonyeza kizibo kwa ukucha: cha kweli kinabonyea kidogo, kinarudi, na kina uvuguvugu mkononi. Cha uongo ni plastiki iliyochapwa picha ya kizibo. Ukitazama vizuri utaona madoa yaleyale yanajirudia kila baada ya sentimita chache, kama kitenge. Hiyo haitashika umbo la mguu wako hata uivae miaka kumi.

Kisha kunja. Shika mbele na nyuma, kunja taratibu kama unavyokunja chapati. Nyufa nyembamba zikifunguka ubavuni lakini hazifiki chini, zinatibika, omba bei ipungue. Ufa unaopita kutoka ngozi ya juu hadi soli, au vipande vinavyodondoka kama pumba, achana nayo.

Sasa tazama ndani. Kizibo hujifunza mguu wa mwenyewe: joto na uzito wake huchonga visima vya vidole na kisigino. Uzuri huo ndio ubaya wake kwenye mtumba, maana unanunua mguu wa mtu. Vua kiatu chako, weka mguu ndani, usikilize kama vidole vyako vinaangukia kwenye visima vilivyopo. Vikianguka, umeokota dodo. Visipoanguka, kidole gumba kikakaa juu ya kilima, utaumwa goti kabla ya unyayo. Mimi binafsi, kwa sandali za kizibo, nasema bora nzee yenye visima hafifu kuliko mpya machoni iliyozama upande mmoja.

Kwa klogi nzito za ngozi kuna mtego mwingine. Nyingi zina soli ya poliyurethani, na soli hiyo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata ikiwa kabatini haivaliwi. Ndiyo maana unanunua kiatu kinachong'aa, unakivaa Jumapili moja, njiani soli inamong'onyoka kama biskuti. Si uchawi. Kabla ya kulipa, sugua soli kwa kidole gumba kwa nguvu na uikunje. Ikinata, ikiacha unga, au ikitoa vimistari vingi kama udongo uliokauka, irudishe kwenye rundo, hata kama ngozi yake ni ya kioo.

Harufu usiiogope sana, inatoka. Ukungu mweusi uliozama kwenye swedi hautoki.

Kuvaa kwa mara ya kwanza

Funga mikanda kiasi kwamba kidole kimoja kinapita chini yake. Kisigino kikae katikati ya kikombe chake, upinde wa mguu uguse kile kilima cha katikati bila kusukumwa. Kwenye klogi, kisigino kuinuka kidogo ukitembea ni kawaida. Kikitoka nje kabisa, ni kubwa. Ukilazimika kukunja vidole ili kiatu kisikimbie, ni kubwa pia, na vidole vitakuuma jioni.

Sandali mpya ya kizibo ni ngumu, na watu wengi huiuza siku ya tatu wakidhani wameibiwa. Ivae saa moja au mbili kwa siku, ndani ya nyumba au dukani, kisha ongeza. Wiki mbili hivi itakuwa imekubali. Baridi ikibana vaa na soksi. Nawajua wanaosema soksi na sendozi ni ushamba, lakini waje wakae Uyole au Njombe mwezi wa Julai kwanza.

Mikanda ikihitaji tundu jipya, lete kwa fundi atoboe kwa paipu, kile chuma cha kutobolea ngozi. Msumari wa moto unachoma ngozi pembeni mwa tundu, inakakamaa, na mwezi wa pili inachanika hapohapo.

Na kwa mwenye sukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi: sandali ya wazi si kiatu chako. Chukua kilichofunika vidole na kushika kisigino, na kila jioni kagua nyayo kama kuna kidonda.

Matope

Udongo mwekundu wa huku ukiufuta ukiwa mbichi unausukuma ndani ya swedi. Acha ukauke wenyewe, kisha gonga sandali mbili pamoja, uliobaki upige kwa mswaki mkuukuu mkavu, kwa mwelekeo mmoja. Kwenye kizibo cha ubavuni pitisha kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa. Usiloweke, usitie kwenye beseni la sabuni ya unga pamoja na raba za watoto. Maji yakiingia chini ya swedi gundi inaachia, unapata malengelenge ndani ya unyayo.

Mafuta: mikanda ya ngozi nyororo inakubali kiwi ya kawaida, kidogo. Swedi haitaki mafuta yoyote. Nililetewa klogi za swedi zilizopakwa mafuta ya parachichi na mtu aliyeona yanamfaa kwenye nywele. Zilibadilika rangi, zikanukia kachumbari, na sikuwa na la kumsaidia.

Kukausha, ndipo penyewe

Kile kizibo kimeshikwa na utomvu wa mpira, na tabaka zake zimeshikwa na gundi. Joto kali linakausha kizibo kinasinyaa, huku gundi inalainika na kuachia. Ngozi nayo inajikunja kuelekea juu. Vyote vitatu vinavuta kila kimoja upande wake, na asubuhi unakuta nyufa. Haihitaji moto wa kuunguza, joto lile ambalo mkono wako unalifurahia linatosha.

Kwa hiyo, zikilowa:

1. Futa maji kwa kitambaa kikavu, bonyeza bila kusugua.
2. Fungua mikanda yote. Tumbukiza gazeti lililokunjwa chini ya mikanda au ndani ya klogi, libadilishe likilowa. Usijaze kwa nguvu, unatanua ngozi.
3. Zilaze kwa ubavu, hewa ipite juu na chini, ndani ya nyumba mahali penye upepo, mbali na jiko, mbali na dirisha lenye jua la saa saba.
4. Subiri. Kiangazi siku moja, masika siku mbili au tatu.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu kesho wanataka kwenda kazini. Dawa yake ni kuwa na jozi nyingine ya kuvaa siku hizo, hata ndala. Nyumbani kwangu nimepigilia misumari miwili ukutani, upande wa mlango, mbali na jikoni. Sandali inayolowa inaning'inizwa pale kwa mkanda na hakuna anayeigusa.

Bati nalo ni jiko. Watoto wakifua viatu huvirusha juu ya paa, na bati la Iringa saa saba mchana ukiligusa unarudisha mkono. Vivyo hivyo mbele ya gari, pale chini ya kioo.

Klogi za povu

Hizi ndizo nyepesi kutunza: maji na sabuni, kwisha. Lakini joto linazipunguza. Ukiziacha juani zinasinyaa namba nzima, na hazirudi. Ekzosi ya bodaboda inaziyeyusha kwa mguso mmoja. Nyingine zikilika chini huteleza vibaya kwenye vigae vyenye maji na kwenye tope la Tukuyu, kwa hiyo soli ikishakuwa laini kama sabuni zibaki za bafuni. Kuzishona haiwezekani, uzi unakata povu. Usiniletee.

Kuziba ufa mwenyewe

Ufa mwembamba wa ubavuni huhitaji kunilipa. Tafuta kizibo cha chupa ya mvinyo kilicho cha gome kweli, kisugue kwenye msasa upate unga wa kujaza kijiko. Changanya na gundi nyeupe ya maseremala hadi iwe kama uji mzito wa mtoto. Safisha ufa kwa mswaki mkavu, sukumiza mchanganyiko ndani kwa njiti ya kiberiti, futa uliozidi kabla haujakauka. Kisha zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli uliokazwa, ufa ufumbe. Acha siku nzima kivulini, na kwa baridi ya Juni acha mbili. Ukifungua, piga msasa laini.

Malizia kwa kupaka ubavu wote wa kizibo gundi ileile iliyozimuliwa, maji kijiko kimoja kwa gundi vijiko vitatu, mikono miwili, wa kwanza ukauke kabla ya wa pili. Ikikauka inakuwa angavu. Haizuii maji kabisa, inayachelewesha, kwa hiyo rudia ukiona mng'ao umepotea. Fanya hivyo Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Usiguse ngozi.

Harufu ikizidi, nyunyiza magadi ya kuokea ndani usiku, asubuhi kung'uta na kupiga mswaki. Kwa za mtumba tangulia na kitambaa chenye spiriti kidogo, kuua fangasi, uache zikauke.

Soli ya chini iangalie kisiginoni kila mwezi. Ikibaki unene wa sarafu, ilete wakati huo, nitabandua na kuweka nyingine kwa kazi ya saa chache. Ukisubiri hadi unatembelea kizibo chenyewe, hakuna pa kubandika. Na usikubali fundi akuwekee tairi. Tairi ni la katambuga, nazo naziheshimu, lakini kwenye kizibo ni zito na halikunjiki, litabanduka na vipande vya kizibo.

Zile za yule mama niliziziba, nyufa tatu kila upande, tyubu ya baiskeli siku mbili. Mguu wa kulia ulikuwa na ufa wa nne uliofika hadi chini, nikamwambia ukweli kwamba huo utafika Krismasi ukibahatika. Zikifikia hapo, usitoe pesa ya matengenezo. Niletee tu nikate zile bizimu, zitamfaa mwingine.